Makosa ya Mkwizu

Nchi yenyewe haitatajwa hapa. Si kwa woga, bali kwa sababu jina lake kwa sasa liko mbele ya kamati, na mpaka kamati itakapomaliza kazi, raia wameombwa kwa heshima waiite "hapa". Basi watu wa hapa huzaliwa hapa, husoma hapa, na wakisafiri wakaulizwa uwanja wa ndege wametoka wapi, hujibu kwamba wametoka hapa, nao hurudishwa kwa ndege inayofuata.

Kamati hiyo, pamoja na nyingine kumi na tisa, iliongozwa na Dk. Nuhu Mkwizu, Mkurugenzi Mkuu wa Wakala wa Majina ya Taifa. Alikuwa mtu mrefu, mwembamba, wa miaka hamsini na minane, mwenye tabia ya kusimama ghafla katikati ya barabara akijiwa na neno. Sheria ya Majina ilikuwa wazi: kitu chochote kisicho na jina lililosajiliwa hakiruhusiwi kutumika katika shughuli ya umma. Jina liliombwa kwa fomu, fomu ilipita ngazi saba, na ngazi ya saba ilikuwa Mkwizu mwenyewe na kalamu yake ya wino wa kijani.

Mkwizu hakuwa mjinga. Hilo ndilo lililomsumbua. Mwaka aliopandishwa cheo aliandika barua kuomba feni ya ofisini. Lakini yeye ndiye aliyelifuta neno feni na kusajili mahali pake "kipungajoto", kwa hiyo aliandika kipungajoto. Idara ya ugavi ilikaa na barua ile miezi miwili, ikaitisha kikao, kisha ikamletea ndoo ya maji na kitambaa. Angeweza kushuka ngazi moja tu akawaambia kwamba alitaka feni. Hakushuka. Alitia saini ya kupokea ndoo, akakaa na joto mwaka mzima, na kila alipojifuta shingo kwa kile kitambaa alijiambia kwamba angalau anatoka jasho kwa lugha sanifu. Halafu alijicheka, kwa kicheko kidogo cha puani ambacho watumishi wa chini walidhani ni mafua.

*

Wakati huo nchi ilikuwa imejipatia kompyuta ya kwanta. Ilijengewa jumba lake, likawekwa walinzi, na kazi iliyopewa ni moja tu: kupanga dawa gani iende zahanati gani na duka gani la dawa, nchi nzima, kila wiki. Watu wote waliiita Mtambo.

Mtambo ulifanya kazi kwa kasi ya kutisha na kukosea kwa kasi hiyo hiyo. Mkuu wake, mwanafizikia aitwaye Dk. Eliwaza Mfinanga, alikuja mwenyewe ofisini kwa Mkwizu kueleza sababu. Alikuwa mwanamke mfupi, mkavu wa maneno, aliyevaa sweta hata mchana wa jua kali kwa vile jumba la Mtambo lilikuwa na baridi kama ya kaburini. Alisema Mtambo huweka habari zake katika vichembe vidogo mno, na vichembe hivyo hushtuka kwa joto, kwa mtikisiko, hata kwa kuangaliwa tu. Kikishtuka kimoja, insulini inageuka kuwa filimbi.

Mkwizu aliuliza kama kuna dawa ya ugonjwa huo. Eliwaza alisema ipo. Ni misimbo ya kusahihisha makosa. Habari moja haiachwi kwa kichembe kimoja. Inagawanywa kwa vingi, halafu vichembe vinaulizwa kila mara, si kwamba vinasema nini, bali kama kila kimoja kinakubaliana na jirani yake. Kisichokubaliana ndicho kilichoshtuka, nacho hurekebishwa bila siri yenyewe kufunuliwa. Alikuwa na misimbo tayari, aina saba, imejaribiwa, inafanya kazi. Kilichobaki ni majina tu. Fomu namba arobaini inataka aina zote zisajiliwe pamoja, na bila majina hayo hawezi kuupakia hata mmoja.

"Huko nje wanaiitaje?" aliuliza Mkwizu.

Eliwaza alieleza kwamba huko nje kila mtu alijipachikia tu. Misimbo mingine inaitwa kwa majina ya walioivumbua, mingine kwa maumbo yake, kuna inayoitwa kwa herufi za mwanzo za mabwana watatu, kuna ya rangi, kuna ya sega la asali, na kuna mmoja unaitwa paka.

Mkwizu aliposikia kwamba duniani upo ukoo mzima wa vitu unaoishi bila utaratibu wa majina, alihisi kama mtu mwenye njaa anayesikia mwiko ukigonga sufuria. Alifungua daftari jipya. Eliwaza alipouliza itachukua muda gani, alimjibu wiki mbili, na wakati anasema hivyo aliamini kabisa.

*

Kikao cha kwanza kilihudhuriwa na Waziri wa Usahihi, Mheshimiwa Kassala, mtu mnene mwenye sauti laini ambaye alikuwa haandiki kitu bali hufumba macho. Alifumba macho Mkwizu aliposoma kichwa cha waraka, akayafumbua kwenye neno "makosa".

Alisema anaheshimu sana sayansi, lakini Serikali haikosei. Serikali inaweza kuchelewa kuwa sahihi, na hilo ni jambo jingine. Mtambo ni wa Serikali. Kwa hiyo Mtambo hauwezi kuwa na makosa, na msimbo wa kusahihisha kitu kisichokuwepo ni upotevu wa mali ya umma. Kikao kilikubaliana kwamba jina la ukoo liwe Misimbo ya Kuendeleza Usahihi Uliopo.

Kikao cha pili kilikwama kwenye aina ambayo wataalamu duniani huiita "misimbo mizuri". Eliwaza alifafanua kwamba ni neno la kitaalamu: msimbo mzuri ni ule ambao kadiri unavyokua nguvu zake nazo hukua. Waziri alitaka kujua, ikiwa hii ndiyo mizuri, ile mingine sita inaitwaje, na nani ameileta nchini.

Kikao cha tatu kilivunjika kabla ya chai. Palikuwa na aina nyingine inayoitwa "potofu", na hapo tena Eliwaza alijitahidi. Alisema upotofu wake ndio ubora wake, kwamba ndani yake makosa mawili tofauti kabisa yanaweza kuponywa kwa dawa moja. Waziri alisema kwa upole kwamba wananchi hawajafikia kiwango cha kutibiwa na upotofu.

Haifai kumlaumu Waziri peke yake. Wiki tano katika zile za vikao zilipotea mikononi mwa Mkwizu mwenyewe, na alijua ni zipi. Aina iliyopendwa kuliko zote na watu wa Mtambo ilikuwa na umbo la donati, na habari zake zilifichwa, kwa namna ya kusema, kwenye lile tundu la katikati. Mafundi wote waliiita donati. Mkwizu alikataa. Alishinda ofisini akilitengeneza neno, akilipaka na kulifuta, mpaka likawa "mviringomwanyakati". Alilitamka mbele ya kioo. Alimwita katibu wake alisikie. Usiku ule ule mkewe alimuuliza kwa nini anatabasamu na ukuta.

*

Dada yake mkubwa, Bi Tausi, aliishi mbali, wilaya ya Kidodo, ambako alifundisha shule ya msingi mpaka alipostaafu. Alikuwa na kisukari, na kila mwezi alichukua insulini yake zahanati. Alipiga simu mwezi wa pili wa vikao, si kwa kulalamika, kwa kuwa hakuwa mtu wa malalamiko, ila kumwambia mdogo wake kwamba Kidodo mwezi huu wameletewa filimbi za waamuzi wa mpira, mia tisa, badala ya insulini. Muuguzi alikuwa amezigawa kwa kuwa alitakiwa agawe. Kijiji kizima kilikuwa kikipuliza.

Mkwizu alicheka sana, na dada yake pia. Kisha alimuuliza amebakiwa na chupa ngapi, akajibiwa tatu, na kwamba ameziweka kwenye mtungi wenye mchanga mbichi, ni salama.

Mwezi uliofuata zikaenda miwani za kuogelea. Kidodo hakuna hata bwawa. Mkwizu alizunguka maduka ya dawa ya mji mkuu amnunulie mwenyewe, lakini maduka nayo yalipangiwa na Mtambo. La kwanza lilikuwa na vitanda vya kujifungulia mpaka barazani, la pili lilikuwa na kengele za shule. Alipata chupa moja kwa daktari aliyesoma naye, akaituma kwa basi ikiwa ndani ya chupa ya chai yenye barafu.

Hapo mtu mwenye akili timamu angelisajili neno donati na kwenda nyumbani. Mkwizu alikuwa na akili timamu. Lakini Waziri alikuwa ameleta agizo jipya: msimbo mkubwa kuliko yote, ule unaoshika mingine, upewe jina la Mtukufu Rais. Na Mkwizu, ambaye miaka ishirini aliandika nyaraka bila kuweka ndani yake hata tone la roho yake, siku hiyo alishindwa kujizuia. Chini kabisa ya ukurasa wa kumi na mbili, kwa herufi ndogo, aliweka tanbihi. Aliandika kwamba endapo msimbo utaitwa kwa jina la Mtukufu, adabu ya lugha inadai uhamishwe kutoka ngeli ya vitu na kuingizwa ngeli ya watu, maana haitapendeza mtumishi wa umma aseme kwamba Mtukufu Rais "umeharibika".

Ulikuwa utani. Aliusoma tena na kujipongeza kwamba ni utani mzuri, wenye ncha, ambao hakuna atakayeugundua.

Waziri aliugundua. Alifumbua macho, akavua miwani, akasimama na kumpa mkono mbele ya kikao kizima. Alisema kwamba yeye mwenyewe alikuwa akihisi kuna kitu kinakosekana, ila hakuwa na elimu ya kukitaja.

Waraka ulitoka kesho yake. Tangu siku hiyo msimbo hakuwa kitu tena. Ilikuwa ni marufuku kusema "misimbo imechelewa". Ilitakiwa isemwe "wasimbo wamechelewa". Na kwa kuwa walikuwa wamo katika ngeli ya watu, idara ya vitambulisho iliandika barua kudai wasimbo wote saba wafike wenyewe kupigwa picha na kuchukuliwa alama za vidole. Eliwaza alipeleka karatasi zilizochapwa, kilo nne. Karani alizipokea vizuri, akauliza nani kati yao ameoa. Sehemu ya tarehe ya kuzaliwa iliachwa wazi, na mfumo wa idara, ukikuta mahali wazi, hujaza mwaka wa zamani kuliko yote unaoujua. Mwisho wa mwezi wasimbo wote saba walipata barua za kustaafu kwa umri, pamoja na shukrani kwa utumishi wao uliotukuka.

Hawakuwa wamefanya kazi hata siku moja.

*

Bi Tausi alipiga simu tena siku ya Jumatatu asubuhi, Mkwizu akiwa anaandika rufaa ya kuwarudisha kazini wasimbo. Walisalimiana, wakaulizana habari za watoto. Mkwizu akauliza za insulini.

"Nagawa dozi," alisema dada yake. "Ninayotakiwa kuchoma siku moja nachoma siku mbili. Usihangaike, Nuhu. Najua mna mambo mengi huko."

Hakuna neno baya hata moja aliloambiwa, na pengine ndiyo maana maneno yale yalimwingia. Dada yake alikata simu. Kwenye meza mbele yake palikuwa na rufaa, na kwenye rufaa, kwa wino wa kijani, alikuwa amepigia mstari neno "wamestaafishwa" akijiuliza kama si bora kuandika "wamepumzishwa". Akatambua kwamba alikuwa amelifikiria neno hilo muda wote alipokuwa anaongea na dada yake. Alijaribu kujicheka kwa kile kicheko chake cha puani, kikakataa kutoka.

Alikwenda kwa miguu mpaka kwenye jumba la Mtambo. Eliwaza alimpa sweta la ziada, likamfika kwenye viwiko. Alimtembeza. Mafundi walikuwa wakiitana kwa utulivu kutoka meza moja hadi nyingine, na Mkwizu aliwasikia wakisema donati, sega, potofu, paka, bila kukanyagana, kila mtu akijua kinachosemwa. Alimuuliza Eliwaza wamekuwa wakiyatumia majina hayo tangu lini. Akajibiwa, tangu siku ya kwanza.

Ndipo akaomba kuuliza swali ambalo katika vikao kumi na moja hakuwahi kuliuliza. Aliuliza haya makosa hasa ni ya nani.

"Si ya mtu," alisema Eliwaza. "Ni joto. Ni mtikisiko. Lori likipita barabarani, ni hilo lori. Yanatokea tu."

"Yaani hayana mwenyewe."

"Hayana."

Mkwizu aliomba kiti. Alimweleza anavyoona. Serikali haiwezi kukosea, hilo liko kwenye sheria na halitaondoka leo. Lakini hakuna sheria inayosema raia hawezi kukosea. Kinyume chake, zipo sheria mia tatu zinazodhani anaweza. Makosa haya yakipata baba, mtu mwenye jina na kitambulisho, basi Serikali itaruhusiwa kuyasahihisha, tena itasifiwa. Misimbo haitakuwa inasahihisha makosa ya Mtambo. Itakuwa inasahihisha makosa ya fulani.

Eliwaza alitikisa kichwa. Alisema huo si ukweli, na kwamba yeye ni mwanasayansi. Mkwizu alikubali kwamba si ukweli. Alisema kwa miezi minne ameandika vitu vingi ambavyo si ukweli na hakuna hata kimoja kilichompelekea mtu insulini.

Walijaza fomu pamoja, juu ya meza ya mafundi. Jina la ukoo: Misimbo ya Kusahihisha Makosa ya Mkwizu. Kwenye aina, Mkwizu alisema itakuwa haki kila aina ichukue kasoro yake moja, maana anazo za kutosha. Eliwaza alieleza tabia ya kila aina na yeye akaitafutia mwenzake ndani ya nafsi yake, na kazi iliyokuwa imemshinda miezi minne ilikwisha kwa muda wa kunywa chai. Ile potofu, ambayo makosa tofauti yana dawa moja, iliitwa Mkwizu Mwenye Visingizio, kwa sababu hata yeye kwa kosa lolote alikuwa na udhuru mmoja tu, kwamba yuko kazini. Ile mizuri, inayozidi kujiamini kadiri inavyokua, ikawa Mkwizu Mwenye Majivuno. Inayouliza majirani kila mara ikawa Mkwizu Mdaku. Wakafuata Msahaulifu, Mchelewaji na Mbishi. Ya donati alisita kidogo. Alilikumbuka lile neno lake alilolitamka mbele ya kioo. Kisha akaandika: Mkwizu Mtupu Katikati.

Eliwaza aliisoma orodha yote, akasema kuna moja haipo. Mkwizu aliuliza ipi. Eliwaza alisema, tanbihi. Basi wakamfuta Mbishi, ambaye kwa kweli hakuwahi kubishana na yeyote aliyemzidi cheo, wakaandika Mkwizu Mwenye Utani Usiofaa.

*

Kilichomsaidia ni sanda. Wiki hiyo zahanati ndogo ya Ikulu iliomba plasta na dawa ya kikohozi. Mtambo ukapeleka sanda mia mbili, nyeupe, zimekunjwa vizuri, na karatasi juu yake inayowatakia wapokeaji matumizi mema.

Mkwizu alipoingia ofisini kwa Waziri, alimkuta amefumba macho lakini safari hii jasho linamtoka. Simu tatu zilikuwa zikilia na hakuna aliyezipokea. Waziri alisema Ikulu inataka kujua nani amekosea kabla ya saa kumi, na tatizo ni kwamba, kwa mujibu wa waraka wake mwenyewe, hakuna.

Mkwizu alimwekea fomu mezani. Waziri aliisoma yote, polepole, mpaka kwenye saini.

"Dk. Mkwizu," alisema, "una makosa?"

"Ninayo, Mheshimiwa. Mengi."

"Yanatosha nchi nzima?"

"Tukiyatumia kwa uangalifu."

Waziri alinyanyuka, akazunguka meza, akamkumbatia. Alisema nchi hii imekuwa na mashujaa wengi, wote hawana hatia, na mara nyingi amejiuliza taifa litaendeleaje kwa hali hiyo. Alisaini papo hapo. Jioni ile misimbo ilipakiwa, ikiwa vitu tena, katika ngeli yake ya zamani, na asubuhi yake Ikulu ikapata plasta.

Mkwizu alitegemea kufungwa. Alikuwa amefunga begi, akaweka ndani mswaki na kamusi. Lakini wanasheria wa Serikali waligundua kwamba mtu akishafungwa hawezi kuendelea kukosea, na asipoendelea kukosea misimbo itakosa uhalali, na isipokuwa na uhalali sanda zitarudi. Ilibidi abaki huru, kazini, akikosea mfululizo. Waliichukua kalamu yake ya kijani, wakamvua ukurugenzi, wakampa chumba cha chini chenye kibao mlangoni: MKOSAJI WA TAIFA. Hakuwa na kazi yoyote ila kuwepo. Chumbani humo, kwa bahati, palikuwa na feni.

Na kwa ajili ya uwazi, Waziri aliagiza kila boksi la dawa liwekewe kijikaratasi cha kuonyesha Serikali inavyowajibika.

*

Alipopata likizo alikwenda Kidodo. Bi Tausi alikuwa amekonda, lakini macho yake yalikuwa yale yale, na mguu mmoja tu ndio uliokuwa umevimba. Alimpikia ndizi. Hakumuuliza habari za kazi, naye Mkwizu hakuzianzisha. Asubuhi Mkwizu aliomba amsindikize zahanati.

Palikuwa na foleni ya akina mama na wazee wachache, kwenye mabenchi, kivulini kwa ukuta. Muuguzi, dada mchangamfu mwenye filimbi shingoni, aliandika kila aliyeingia pamoja na aliyemsindikiza. Ilipofika zamu yao aliandika jina la Bi Tausi bila kuuliza. Kisha akamtazama yule mwanamume mrefu.

"Na wewe, baba?"

"Nuhu Mkwizu."

Kalamu ya muuguzi ilisimama. Alimwangalia, akaliangalia boksi lililokuwa limefunguliwa juu ya meza, akakitoa kijikaratasi kilichokuwa ndani yake na kukisoma, akamwangalia tena. Kijikaratasi kilisema: *Makosa ya Mkwizu yaliyosahihishwa wiki hii: 4,112. Serikali yako inajali.*

"Ndiye wewe?"

Mkwizu alisema ndiye yeye. Muuguzi alikiri kwamba muda wote huo alidhani ni jina la ugonjwa.

Habari ilipita benchi moja hadi jingine bila mtu kunyanyua sauti. Watu waligeuka kumwangalia, si kwa hasira, bali kwa namna mtu anavyoitazama nyumba aliyosikia kwamba imeungua. Bi Tausi alifungua kinywa awaeleze, maana alikuwa amekwisha kuelewa na macho yamemjaa machozi, lakini mdogo wake alimgusa mkono, akanyamaza. Muuguzi aliwapa insulini, chupa tatu, za baridi.

Walipokuwa wanatoka, bibi mmoja mkongwe aliyekaa mwisho wa benchi alimshika Mkwizu kwenye kipindo cha shati. Alimvuta chini mpaka sikio lake likawa karibu na mdomo wa bibi, asimwaibishe mbele za watu.

"Mwanangu," alisema, "nakuombea kila siku. Lakini elfu nne kwa wiki moja ni mengi. Hebu punguza."

Mkwizu aliinama, akaupokea mkono wake kwa mikono miwili, akamwambia kwamba amesikia, na kwamba atajitahidi.